Fundi wa Mapaa Aliyejifunza Tena Kusimama

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1951, mtoto wa nne wa mshona viatu na mkunga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1965. Mwalimu wa hesabu alimkuta mara mbili juu ya paa la darasa akifuata mpira, mara ya pili akamwambia, "Maadamu umeshapanda, ziba na hapo panapovuja." Akaziba.

Mjomba wake alimfundisha kuezeka, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mmoja. Mafundi wenzake walimwita Paka. Alipoezeka nyumba ya waliokuja kuwa wakwe zake, kazi ya siku tatu ilimchukua siku tisa, na mwenye nyumba akaelewa kilichomchelewesha. Ndoa ilifungwa tarehe 2 Desemba 1978.

Mwaka 2016 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Madaktari walisema ni ugonjwa wa Parkinson. Miguu ikawa mizito, ikawa inagoma mlangoni, na mara nne alianguka. Mei 2023 hospitali ilimwanzishia mazoezi ya kuvaa miwani ya kompyuta, inayomwonyesha mvaaji ngazi, njia na mawe ya kuvukia mto, huku mtaalamu wa viungo amemshika mkanda wa kiunoni. Wiki ya kwanza hakuachia chuma cha kujishikilia. Wiki ya nane alirudi nyumbani akitamba: "Leo nimevuka mto, na soksi hazijaloa."

Kifungua mimba wake, binti anayesoma maneno haya, ndiye aliyekuwa akimpeleka kila Jumanne. Kazi zilipombana alisema, "Baba, ile si michezo ya watoto tu? Tutaenda wiki ijayo."

"Sawa, mama," alijibu.

Kila Jumanne mzee alivaa viatu, akakaa sebuleni kungoja. Zikapita wiki kumi na moja. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo linalomchoma binti yake.

Tarehe 9 Machi 2024, asubuhi, alianguka koridoni akavunjika nyonga. Daktari alisema hakuna ajuaye kama mazoezi yangemwokoa. Homa ya mapafu ilimchukua tarehe 27 Machi, akiwa na miaka 72.

Wadogo zake binti huyo walitaka habari za Jumanne zifutwe. Mama yao akakataa: "Zisomwe. Mwenye mgonjwa nyumbani asikie."

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Apumzike kwa amani, mahali ambapo hangojei tena mtu wa kumpeleka.