Anwar Makungu, Sonara wa Maji ya Fedha

Marehemu Anwar Makungu, tunayemsomea hitima leo, alizaliwa Matemwe tarehe 3 Machi 1962. Alisoma chuo cha Kurani, kisha skuli hadi darasa la saba, akaletwa mjini kwa ami yake, sonara wa Kiponda. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Maharusi wengi walitoka na vikuku vya fedha alivyovipaka dhahabu.

Kazi hiyo aliifanya kwa zebaki. Huchanganywa na dhahabu, hupakwa, hutiwa motoni. Zebaki hutoka moshi, dhahabu hubaki. Mteja wake, Mwalimu Hafiz wa kemia, alimfunulia jina la kitaalamu la zebaki: Wagiriki waliunga neno la maji na neno la fedha, Warumi wakalipokea kwa Kilatini, likawa hidrajirumu.

"Maji neema, fedha neema," Anwar alifurahi. "Neema mbili zitanidhuru vipi?"

"Walioipa jina walitazama rangi, Bwana Anwar, hawakunusa moshi. Toa jiko lako nje."

"Mwalimu nawe! Utaogopa hata ubani."

Mwaka 1990 alimuoa Mwanapili Jecha. Jiko la kazi likakaa ukumbini, alipolala mkewe. Siku nyingine alimwaga tone kisahanini, akalisukuma kwa ukucha, akacheka: "Tazama, Mwanapili, linakimbia kama mtoto."

Mtoto hakupatikana. Mimba nne zilitoka, na mama mkwe akisema, "Mwanangu kaoa gofu lisilozaa." Anwar aliendelea kuchochea jiko lake. Mwaka 2001 akamuoa Shadya, akamtia nyumba ile ile, moshi ule ule. Za Shadya nazo zikatoka. Safari hii hakuna aliyetaja gofu.

Baadaye mikono ilimtetemeka, fizi zikavimba. Daktari alipomwambia ni zebaki, alimtazama Mwanapili, akageukia ukutani. Alifariki tarehe 11 Juni 2024. Uji wake wa mwisho alilishwa na Mwanapili.

Ameacha wajane wawili, dada yake Fathiya, na mwana wa Fathiya, Silima, mrithi wa zana zake, ambaye mkewe ni mjamzito. Ameacha pia chupa ya zebaki, nusu.

"Mpe radhi mumeo, wifi," Fathiya alimsihi Mwanapili jana. "Asiende na mzigo."

"Ntampa. Silima achukue nyundo, achukue mizani. Chupa aichukue Mwalimu Hafiz. Ikishatoka nyumba hii, na radhi ntatoa."

Silima yumo humu, anasikia. Chupa iko mlangoni. Mola amrehemu Anwar, amlaze pasipo na moshi; radhi ya mkewe inangoja chupa.