Nyumba ya Ruring'u Ambayo Sikuinunua

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnanijua kama yule mama anayeuza viazi Majengo na hasemi sana. Leo nasimama kwa sababu Mungu aliniokoa na jambo ambalo hamkujua ninalo. Nilikuwa nimemkasirikia mume wangu, na mume wangu alikuwa ameshazikwa.

Mume wangu, Baba Wambui, alikuwa fundi wa mbao. Aliezeka nyumba za watu Nyeri hii yote, na sisi tukabaki chumba cha kupanga. Akiba tulikuwa nayo kwenye sacco. Nikimwuliza tutanunua nyumba lini, hakukosa jibu.

"Mama Wambui, uchaguzi unakuja. Watu wataogopa, watauza bei ya chini."

Uchaguzi ukafika. "Sasa tungoje upite, bei itulie."

"Wewe hata mbinguni utaingia baada ya uchaguzi!" nikamwambia, tukacheka.

Ndugu zangu, aliugua kifua wiki tatu tu. Tukamzika Kangema kwa baba yake, kwa sababu sisi hatukuwa na udongo wetu.

Hapo ndipo hasira iliponiingia. Mliniona nimetulia mkasema nina imani. Haikuwa imani! Sikutoa hata chozi moja. Nilitaka kununua nyumba haraka nimwonyeshe kwamba iliwezekana. Nimwonyeshe mtu aliyekufa! Na bei zilikuwa zinapanda, kila nilipouliza nilijuta kwamba sikuuliza jana.

Broka mmoja akanipeleka Ruring'u kuona nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, bei yake chini kuliko zote nilizokuwa nimeona. Mwenyewe, mwanamume wa makamo aitwaye Muriithi, alisimama mlangoni.

"Mama, kuna watu wawili wanaitaka," broka akasema. "Ukienda kufikiria, utarudi kuipiga picha tu."

Nikamjibu kwamba kesho yake nitaleta malipo ya kwanza. Kisha nikazunguka nyuma kuangalia pa kupanda mboga. Karibu na ua palikuwa na kipande cha nyasi mpya, urefu wake kama wa mtu aliyelala, na katikati udongo ulikuwa umebonyea. Mtu mwingine asingeona. Lakini mimi nilikuwa nimejaza udongo kaburi la Kangema mara mbili, maana mvua ikinyesha hushuka hivyo hivyo.

"Hapa amelala nani?" nikauliza.

"Ni shimo la takataka la zamani, Mama," broka akasema upesi.

Muriithi akamgeukia. "Wewe! Usimwite mama yangu takataka."

Akanieleza yote. Alikuwa ameng'oa msalaba ili nyumba iuzike, maana huku kwetu ni nani hununua boma lenye kaburi la wenyewe? "Siwezi kukaa hapa," akasema. "Kila chumba kinaniuliza kwa nini sikuja mapema alipougua."

Nikakaa chini. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, nasema ukweli. Niliona tu. Yeye alikuwa anauza ili marehemu wake anyamaze, na mimi nilikuwa nanunua ili nimjibu marehemu wangu.

"Sinunui," nikamwambia. "Na wewe usiuze sasa. Rudisha msalaba kwanza."

Broka alisonya akaenda zake. Sisi wawili tukaomba pale pale.

Jumamosi nikaenda Kangema, nikapiga magoti kaburini. Nikamwambia Baba Wambui kila kitu kwa sauti, shemeji zangu wakinisikia kutoka shambani walikokuwa wakichuma majani chai. Kisha nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Nilipoinuka, hasira haikuwepo. Asante Yesu!

Sitawadanganya, bado nakaa chumba cha kupanga. Bei imepanda tena, na nyumba kama ile siwezi kuipata kwa pesa zile. Lakini sasa naangalia nyumba kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa na binti yake. Nauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Nafuata karatasi ofisi ya ardhi kabla ya kukubali lolote. Ikiwa nitanunua mwaka huu, namshukuru Mungu. Ikiwa sio, pia namshukuru.

Ndugu yangu, kama unakimbilia kununua au kuuza, na moyoni kuna mtu hujamsamehe, hata kama ameshalala, mpeleke kwa Bwana leo. Mwamini. Mlilie mtu wako kwanza. Nyumba zitakuwepo.