Radi Ilipopiga Karakana ya Miguu

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na jua. Na ninyi wenyeji wetu, mbukwenyi. Naona leo viti havikutosha, sijui nifurahi au nisikitike, maana kila anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye kikundi chetu hiki cha walioachishwa kazi najua kilichomleta. Mwenyekiti amenisukuma siku nyingi nisimame, nami nikawa namwambia koo linaniuma. Leo haliumi.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Nilianza kazi nikiwa msichana, kwenye shirika moja la umma hapa mjini, zile mashine za kugonga kwa nguvu mpaka kucha zinakatika. Nikaolewa nikiwa pale, nikazaa nikiwa pale. Kisha yakaja haya mambo ya ubinafsishaji. Shirika likapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akaja na makarani wake na kompyuta zake. Tukaitwa ukumbini, tukasomewa majina. Ninyi mnaijua ile sauti ya kusomewa majina, sina haja ya kuieleza.

Ndugu zangu, nawaambia, siku ile sikuumia. Nilirudi nyumbani nikapika. Maumivu yalikuja baadaye, kidogo kidogo, kama mgeni anayehamia kwako kwa kuleta mzigo mmoja mmoja, ukija kushtuka chumba si chako tena. Niliacha kwenda kanisani kwa sababu watu wangeniuliza habari za kazi. Nikaacha kwenda sokoni. Nikawa nalala mchana. Mume wangu ni mwalimu, wakati huo alikuwa Mpwapwa, akija mwisho wa juma ananikuta na khanga ileile aliyoniacha nayo. Hakunifokea hata mara moja. Alikwenda kijijini akamleta mama yake.

Sasa mama mkwe wangu ni Mgogo, mtu wa uwele na mbuzi, Kiswahili anakitafuta. Mimi ni mtu wa Iringa, Kigogo sikijui. Tukakaa hivyo. Kila alasiri alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu na ungo wa karanga, anamenya. Ganda linapasuka, linaanguka. Siku moja akauweka ule ungo mapajani kwangu.

"Mwanangu," akasema, "mikono mizima. Menya."

Nikamenya. Nacheka sasa, lakini siku ile nilimenya machozi yakinitoka mpaka karanga zikalowa.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi. Alikuwa akipeleka maziwa ya mbuzi kwenye kituo kimoja kinachotengeneza miguu ya bandia, na huko akamwambia Sista mkuu kwamba nyumbani ana mkwe anayejua kuandika kwa mashine. Sista akasema nije. Nikapewa meza mapokezini, niwe naandika habari za wagonjwa kwenye kompyuta, maana kadi za karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mnawajua mchwa wa Dodoma, hawabagui.

Kwa asiyewahi kufika mahali kama pale: mtu aliyekatwa mguu kwa ajali, au kwa kisukari, au kwa sumu ya nyoka, anakuja anapimwa. Urefu, unene wa kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, pale ngozi inapouma, pale isipouma. Vyote vinaandikwa. Karakana inachonga mguu kwa vipimo hivyo, mtu anaitwa tena kuja kuuvaa. Wengine wanatoka Kondoa, wengine Singida vijijini, na kusafiri kwa magongo si jambo dogo. Vipimo vikipotea, mtu huyo anarudi mwanzo.

Nilipenda kazi ile. Kuandika nilikujua, kompyuta nikaizoea. Mambo yakageuka pale mtaalamu wetu wa kompyuta alipopata kazi nzuri zaidi Dar es Salaam, akaaga. Na wakati huohuo Sista alikuwa ameshaagiza programu ya kuhifadhi nakala, kwa sababu umeme wetu ulikuwa unakuja na kuondoka utakavyo.

Programu hiyo, niwaeleze wasiowahi kukaa na kompyuta, kazi yake ni hii. Kuna kompyuta kubwa inaitwa seva, ina chumba chake, ukiingia unavua viatu. Zile za maofisini zimeungwa nayo kwa waya. Kila jioni programu inazipitia zote, inachukua nakala ya kilichoandikwa, inaiweka kwenye kaseti, kwa mashine ndogo iliyoungwa pembeni. Kompyuta ikifa, kaseti inarudisha. Lakini ili seva izifikie zile nyingine, kila moja lazima iwekewe kipande chake cha programu, kama vile chama kilivyokuwa na mjumbe kila nyumba kumi. Bila mjumbe, nyumba haihesabiki.

Fundi wa kuiweka akaja kutoka Dar, mtu wa makamo, mpole, wa kwao Tanga. Sista akaniambia, "Mama, utakaa naye. Akiondoka, wewe ndiye utakayebaki nayo."

Nilitaka kumwambia koo linaniuma.

Tuliiweka kwenye seva, mimi na yule fundi, tumevua viatu, tunasoma kitabu cha Kiingereza kinene kama Biblia. Alinifundisha kuweka kaseti, kuipanga saa, na jambo moja alilolirudia sana: nisiridhike kuona programu imeandika kwamba imemaliza. Kila juma nirudishe faili moja kutoka kwenye kaseti, nilifungue, nilione kwa macho yangu. Akaniambia pia kaseti zisilale chumba kimoja na seva. Tukakubaliana zikae kwenye kabati la chuma la zahanati, ng'ambo ya uwanja. Kabla hatujagusa kompyuta za maofisini akapigiwa simu, baba yake amezidiwa. Akaondoka na basi la asubuhi. Nikabaki na zile CD na kile kitabu.

Nikaanza na kompyuta ya mapokezi, yangu mwenyewe. Ikakubali. Nikaenda kwa mhasibu. Programu ikaingia vizuri, lakini seva ikasema haimwoni. Nikaitoa, nikaiweka upya. Sasa seva ikamwona mhasibu, na ya mapokezi ikapotea. Nikairekebisha ya mapokezi, mhasibu akapotea. Nikafanya hivyo siku nzima, na siku ya pili. Nikakifunga kile kitabu. Nikasikia ile sauti ya ukumbini, majina yanasomwa. Nikasema moyoni, wamekupa mashine zilezile zilizokufukuza, ulitegemea nini?

Nikaenda kwa Sista. Nikamwomba anirudishe kwenye kuandika tu, atafute mwingine.

Hakunibembeleza. Aliagiza chai. Tulipomaliza kunywa akavuta kiti, akasema, "Haya, nieleze umefika wapi. Mimi sielewi kitu, kwa hiyo nieleze pole pole."

Basi nikaanza. Hii ni kompyuta ya mapokezi, kwenye mtandao inaitwa OFISI. Hii ni ya mhasibu, inaitwa...  Na yenyewe iliitwa OFISI. Yule aliyezifunga mwanzo alizipa jina moja, na kwa kazi za kila siku hakuna aliyegundua. Seva ilikuwa inaita jina moja, wanaitika wawili. Ndugu zangu, hata mwalimu wa darasa la kwanza angechanganyikiwa.

Nilibadilisha jina moja, nikawasha upya. Zote mbili zikaonekana. Nilisimama mle chumba cha seva, pekupeku, nikacheka peke yangu. Sijui niwaambieje. Tangu siku ya ukumbini sikuwahi kucheka bila mtu kunichekesha.

Ikabaki karakana. Huko kulikuwa na fundi mkuu, mzee, yeye mwenyewe anatembelea mguu aliouchonga kwa mikono yake. Kompyuta yake aliifunika kitambaa cha kufuma, na jioni aliizima na kuchomoa waya ukutani, na programu yetu haiwezi kupita kwenye kompyuta iliyozimwa. Nikamwendea, nikamwamkia, nikamweleza. Akaendelea kupiga msasa.

"Mama," akasema mwishowe, "mtu akija hapa anavua suruali mbele yangu. Mwanamke anavua gauni. Wananionesha kitu ambacho hata wenzi wao wa ndoa hawajakiangalia vizuri. Nimewaahidi kwamba kinaishia humu. Wewe unataka kipite kwenye waya kiende kwenye kaseti, na kaseti iende zahanati. Nani atakayeifungua?"

 Nikamwambia nitakwenda kulitafuta jibu. Nikarudi kwenye kile kitabu na kamusi, nikaona kuna namna ya kuifunga kaseti kwa neno la siri, kiasi kwamba hata mtu akiiba haisomeki. Nikampigia yule fundi Tanga, nikampa kwanza pole ya msiba wa baba yake, kisha akanithibitishia. Nikarudi karakana, nikamwambia mzee neno la siri litakuwa lake. Alichague yeye, aliandike yeye, na nakala yake aikabidhi kwa Sista kwenye bahasha iliyofungwa. Mimi nitageuka nitazame ukuta.

Nikatazama ukuta. Nikasikia vidole viwili vinatafuta herufi, taratibu. Alipomaliza akasema, "Haya, mlete mjumbe wako." Na tangu siku hiyo hakuizima tena kompyuta yake jioni. Aliifunika tu.

Mvua zikaja. Kwetu huku mnajua, mvua za kwanza zinakuja na hasira. Alasiri moja radi ikapiga karibu kabisa na jengo. Nilikuwa mapokezini, nikaona cheche kwenye swichi, kisha giza, kisha harufu. Tulipoingia chumba cha seva, ile harufu ilikuwa ya mpira uliochomwa. Seva ilikuwa imekufa. Ya karakana nayo imekufa, na ya mapokezi. Ile mashine ya kusomea kaseti ilisalimika, kwa kuwa nilikuwa nimeichomoa niipanguse vumbi jekundu. Hilo si akili yangu, hilo ni la Mungu.

Na kulikuwa kunatarajiwa lori la wagonjwa kutoka Kondoa, walioitwa kuja kujaribishwa miguu juma lilelile, na miguu yao ilikuwa bado haijamalizwa kuchongwa. Fundi mkuu akasimama mlangoni, ameshika gongo.  Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa, lakini nawaambia, safari hii sikuomba kurudishwa kwenye kuandika tu. Nilivuka uwanja kwenye tope, nikachukua kaseti.

Kompyuta ya mhasibu ilikuwa nzima, maana siku hiyo hakuwapo na ilikuwa imechomolewa. Nikaomba ruhusa kwa Sista tuigeuze seva kwa muda. Kesho yake asubuhi, umeme uliporudi, nikaiweka programu upya tangu mwanzo, nikaunga ile mashine, nikaingiza kaseti. Programu ikaomba neno la siri. Fundi mkuu akaja, akavuta kiti. Nikageuka nikatazama ukuta bila kuambiwa.

Kaseti ikaanza kuzunguka. Sista alikuwa amesimama nyuma yetu na rozari. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, moja baada ya jingine, yule wa Kondoa, yule mama wa Manyoni, yule mwanafunzi aliyeumwa na nyoka. Ndugu zangu, mimi na majina yanayosomwa tulikuwa hatuelewani. Siku ile nilikaa nikayasoma yote kwa sauti, na mzee kila akisikia jina anasema, "Huyu ni kulia, chini ya goti." "Huyu ni kushoto."

Si vyote vilirudi. Waliopimwa asubuhi ileile ya radi vipimo vyao vilikuwa havijafika kwenye kaseti, wakapimwa tena. Babu mmoja wa Bahi alifurahi sana, akasema mguu uliopimwa mara mbili utadumu zaidi. Lori la Kondoa lilipoingia, miguu yao ilikuwa inawangoja. Nilitoka mapokezini nikasimama kibarazani nikaangalia mwanamke mmoja anatembea katikati ya zile fito mbili za kujifunzia kutembea, ameshikilia, kisha ameachia.

Bado nipo pale. Sina cheo kikubwa, nina funguo za chumba cha kuvulia viatu. Nalala usiku, sio mchana. Niseme nini tena? Nina raha.

Namshukuru mume wangu aliyenyamaza pale ambapo angeweza kusema. Namshukuru mama mkwe, ambaye hadi leo hajaelewa nafanya kazi gani, anawaambia watu kwamba natunza kaseti za kwaya. Namshukuru yule fundi wa Tanga, na yule mzee aliyenikatalia mpaka nikajifunza, na Sista, aliyekiri haelewi kisha akakaa anisikilize.

Funzo langu ni dogo. Ukikwama, usijifungie na tatizo mkiwa wawili tu. Mtafute mtu, hata asiyeelewa, umweleze umefika wapi. Si lazima awe na jibu. Wakati mwingine jibu unalo mwenyewe, ila hujawahi kulisikia likisemwa.

Na wewe dada uliyekaa karibu na mlango, uliyejifunika khanga mpaka kichwani. Sikujui, na leo hutaulizwa jina wala ulifanya kazi wapi. Usiondoke kabla ya chai. Nimekuwekea nafasi hapa pembeni yangu, na karanga zipo.