Dochka Tsanova na Vimulimuli vya Ukumbi wa Kufumia

Baada ya miaka thelathini na minane, fundi umeme wetu Dochka Tsanova anastaafu tarehe 31 Machi. Alianza hapa katika kiwanda chetu cha nguo mjini Gabrovo akibebea mafundi wengine ngazi. Anaondoka akiujua kila waya humu ndani, unakotoka na unakokwenda.

Wengine watasifu banitsa, ile keki ya jibini, aliyotuletea kila Jumamosi. Mimi nitasimulia juma moja tu, maana nilikuwepo, na nilikuwa upande wa wenye kucheka.

Miaka ile migumu ya tisini, mkaguzi wa usalama aliamuru wafumaji wetu watano viziwi waachishwe kazi, kwa kuwa hawasikii king'ora cha moto. Angerudi Ijumaa kuhakikisha. Walikuwa na watoto wa kulisha, na kazi nyingine mjini hakuna.

Dochka, Mgabrovo halisi asiyetoa senti ovyo, hakununua kitu. Aliomba vimulimuli vya lori bovu la kuosha barabara, akavipaka rangi nyekundu, akavifunga juu ya mitambo na kuviunganisha na king'ora. Vikizunguka, kila mtu nje.

"Wee Dochka, disko linaanza saa ngapi?" msimamizi Penko alimpigia kelele.

"Ngoja Ijumaa, utacheza mwenyewe!" akajibu kutoka juu ya ngazi.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mkaguzi aliviona vile vimulimuli, akabonyeza kitufe cha king'ora bila kumwambia mtu. Mwanga mwekundu ukapita ukutani, ukapita usoni mwetu, ukarudi tena. Viziwi wote watano walikuwa uani kabla dakika haijaisha. Sisi wenye masikio tulikuwa tumeyaziba kwa pamba, mitambo inanguruma, king'ora hatukukisikia. Taa tuliziona, tukadhani Dochka anajaribu disko lake, tukaendelea kufunga nyuzi. Ganka, mmoja wa wale watano, ndiye aliyerudi mlangoni kutupungia tutoke. Niliona aibu, na papo hapo nikafurahi kupita kiasi.

Mkaguzi alitazama saa yake, akamtazama Penko, akaandika: vimulimuli kila ukumbi. Hakuna aliyefukuzwa. Ganka alifuma hadi akastaafu na pensheni kamili, na leo wafumaji wetu viziwi ni kumi na tisa.

Dochka, asante kwa kila aliyebaki kazini. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku ndefu za raha.

Nanyi wenzangu, atakapoingia ukumbini msimpigie makofi, maana kumi na tisa hawatayasikia. Inueni mikono yote miwili juu na muizungushe, kama viziwi wanavyopiga makofi na kama Ganka alivyotufundisha, mpaka atoe machozi.