Pumzi Niliyoivuta Kwenye Chupa ya Maji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo namsifu kwa kifua kilichofunguka!

Kwa mgeni asiyenijua, mimi ni Mama Neema wa Buhongwa, naimba sauti ya pili kwaya. Mtu wa maneno mengi, mume wangu ni shahidi. Lakini pumu ilininyang'anya hata hayo maneno. Nikipanda mlima wa kwetu nilisimama kila mara, najifanya nafunga kiatu. Nimepimwa kifua kikuu, hamna. Nimechomwa sindano, nimekunywa dawa za kikohozi, nimetafuna vitunguu saumu mpaka nikanukia mchuzi!

Kituo cha afya waliwahi kunipa pampu, ile ya kuvuta mdomoni. Mnajua mtaani tunavyosema: ukianza pampu huiachi, pampu ni ya mtu wa kuondoka duniani. Mama mkwe wangu, ambaye nakaa naye na ananipenda kama mtoto wa kumzaa, aliniomba kwa machozi nisiiguse. Kaka yake kule Musoma alivutishwa pampu jioni, asubuhi akawa marehemu. Na mimi nikaogopa. Tukaiacha juu ya kabati.

Siku moja tulikwenda kuzika Usagara. Vumbi la makaburini likanipata, kifua kikafunga. Kufunga kabisa! Nilitaka kuliita jina la Yesu, sauti haikutoka, nikaliita moyoni. Gari lililokuwa karibu ni lile lililoleta jeneza, na ndilo lililonikimbiza hospitali. Hebu fikirini!

Zamani mgonjwa wa mapafu akizidiwa, tuliambiwa apelekwe Dar. Mimi siku ile ningefika Dar? Lakini Bwana alikuwa ametangulia. Kuna daktari aliyekwenda kusomea mapafu, akarudi kwetu huku, akapewa chumba kimoja, akaanza kuwafundisha wauguzi. Nilipofika umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kuvutia mvuke wa dawa imezima. Muuguzi hakubabaika. Alichukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akaitoboa kitako, akachomeka pampu pale, mdomo wa chupa akaniwekea mdomoni. "Vuta mama, polepole. Tena. Tena." Ndugu zangu, kifua kikafunguka! Nililia, na nilipojisikia ninalia kwa sauti nikajua pumzi ninayo.

Mama mkwe, aliyekuja nami garini, alipoiona ile pampu alipiga kelele, "Mnamuua mwanangu!" Daktari akaja, akamwamkia shikamoo, akaketi naye kwenye benchi, akamsikiliza habari za kaka yake mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Pole sana mama. Pampu haikumuua. Ilichelewa."

Baadaye nilipuliza kwenye kipimo chao cha pumzi mpaka macho yakanitoka. Nikapewa pampu ya kuzuia kifua kisibane, asubuhi na jioni, nikimaliza nasukutua mdomo. Na kwaya nimerudi, mmenisikia! Wapo wanaonong'ona kwamba sina imani, nategemea dawa. Wapendwa, aliyeyaumba mapafu ndiye aliyempa yule daktari akili ya kuyasomea, na moyo wa kurudi Mwanza. Mimi namshukuru kwa vyote!

Sasa sikieni. Jana tukichambua dagaa, mama mkwe aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ile kliniki ya kifua ni siku gani?" Kumbe naye anabanwa! Miaka yote amejikaza, anaiogopa pampu kuliko kifo chenyewe. Nililia mbele ya ungo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Mungu amemuwahi mama yetu. Yupo pale, ameniruhusu niseme.

Alhamisi tunakwenda. Wewe unayekohoa ukijifunika khanga, na wewe baba unayesema ni mafua tu, mtumaini Bwana, wala usiikimbie mikono aliyoituma. Njoni tufuatane. Mama anasema atavuta yeye kwanza, na Jumapili atasimama hapa mumwone.