Bakora Isiyomgusa Mtu

Siku moja, mwaka ule wa themanini na nne, kijiweni kwa Halidi hapa Babati, tulikunywa kahawa bila kashata, maana sukari ilikuwa imeadimika. Sabuni nayo hivyo hivyo. Juzi yake, kwenye foleni ya sabuni, Sylvesta alimwona Fabiani akimchomekea mbele, akainua bakora. Fabiani akaruka kukwepa, akatumbukia mtaroni, akavunjika mkono. Bakora haikumgusa. Sasa Fabiani amepeleka madai mahakama ya mwanzo, anataka fidia, na Sylvesta amekaa nasi benchini, kikombe mkononi.

— Jamani, sikumgusa! Nitafungwa kwa kupiga hewa?

— Hufungwi, haya ni madai, alisema Xavery. Tulimwita Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kesi ya mbuzi. Sheria inataka alama mwilini, akaendelea. Alama yako iko wapi?

— Lakini mkono umevunjika, Halidi akasema huku akimimina. Mimi nilisikia hata kumtisha mtu ni kosa.

— Kutisha? Wakili akamjibu. Basi hata mbwa wako ashtakiwe!

Rashidi, ambaye kwa kelele zake tulimwita Redio, akadakia:

— Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Nani kaumia mkono? Fabiani! Basi mpigaji ni yeye.

— Alipiga ukuta gani? Halidi akauliza.

— Alipiga mtaro. Na mtaro ni wa serikali. Sylvesta, wewe tulia, serikali itamdai yeye.

— Hapana, Wakili akapinga. Mwenye kosa ni sabuni. Isingeadimika, foleni isingekuwepo.

— Sabuni utaipelekaje mahakamani?

— Kwa hati ya kuitwa!

Tulicheka, ila Sylvesta hakucheka.

— Mnanichanganya. Nina hatia au sina?

Hapo akafika Antonia, mke wa Fabiani, akitokea shambani kwao Nangara, jembe begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Rosa.

Akamgeukia Sylvesta.

— Baba Ursula, ulipoinua ile bakora, ulitaka ishukie wapi?

 

— Sijui, Mama Rosa, Sylvesta akasema. Haki ya Mungu, sijui. Nilishikwa na hasira tu.

— Mwenzio anadhani anajua. Tangu juzi, nikiinua mwiko tu, anakinga kichwa kwa ule mkono mzima. Mtu mzima, mbele ya watoto wake.

Sylvesta akaweka kikombe chini. Akamwomba Antonia lile jembe, akalibeba yeye, wakaondoka wote kuelekea Nangara.

Msimu ule alilima shamba la Fabiani mpaka mfupa ukaunga, na madai yakafutwa. Wakili husema Sylvesta alishinda kesi. Redio husema alishindwa. Halidi akiulizwa, humimina kahawa tu.