Likizo ya Wiki Mbili ya Dada Yetu Rula

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, familia imenipa mimi mdogo wake kazi ya kusoma historia ya dada yetu, nikaombwa niisome kwa utaratibu na nisimseme mtu, utaratibu nitaufuata kwa sababu marehemu aliupenda kupita kiasi, hilo la pili nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba yetu mwashi na mama yetu mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1965, na huko ndiko alikopewa jina la Rula ambalo wengi wenu mnalijua kuliko la kwake, maana hakuweza kuona mstari umepinda akanyamaza, hata ukiwa ubaoni, hata ukiwa wa mwalimu, na kwa tabia hiyo alichapwa zaidi ya mara moja. Alimaliza sekondari mwaka 1975, akaingia chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa ramani za majengo, akahitimu mwaka 1978.

Januari 1979 aliajiriwa katika ofisi ya wachora ramani, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, akapewa meza iliyokuwa dirishani, na ukimtembelea kazini hakunyanyua kichwa mpaka mstari wake uishe, kisha anakutazama kama mtu aliyetoka kuogelea. Hiyo ndiyo miaka niliyomwona akiwa na furaha yake yote, nasema hivyo mbele ya watoto wake bila kuwavunjia heshima. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, aliyeketi hapa mbele, mtu mpole ambaye hajawahi kumpandishia sauti, wakajaliwa binti mwaka 1983 na mtoto wa kiume mwaka 1985.

Mwezi Mei 1986 baba mkwe wake, dereva wa lori mstaafu, alipata kiharusi, akaletwa nyumbani kwao mdomo umelegea upande, hawezi kutafuna, sukari daktari ameipiga marufuku, uji aliutema, supu aliitema, mtori wa mama yetu aliutema mbele ya mama yetu, mzee akaanza kuisha machoni petu. Dada akaomba likizo ya wiki mbili. Wakati huo alikuwa amemaliza kumchorea nyumba mpishi mmoja wa hoteli, naye mpishi ndiye aliyemwambia kwamba kastadi, ule mgando laini wa maziwa na mayai, si lazima iwe ya sukari, akamwelekeza kupika ya chumvi na kitunguu saumu.

Wengi wenu mmeila, wachache mnajua inavyopikwa, kwa hiyo niseme: vichwa vya kitunguu saumu huchemshwa taratibu ndani ya maziwa mpaka vilainike na ukali wote uvitoke, vikapondwa, yakapigwa mayai pamoja na maziwa yale, chumvi, pilipili manga kidogo, vyote vikapita kwenye chujio, vikamiminwa kwenye vikombe vidogo, vikombe vikapangwa kwenye trei yenye maji ya moto yanayofika nusu yake, ikaingia kwenye oveni ya moto mdogo, ikatoka pembeni imeshika na katikati bado inatikisika. Mzee alikula kikombe kizima siku ile, akasema "Tamu", neno lake la kwanza lililoeleweka tangu augue, nyumba nzima ikalia kwa furaha, na dada akalia pia, hakujua analilia nini.

Kuanzia hapo mzee hakula kitu kingine wala cha mtu mwingine, akasema anautambua mkono wa mkwewe. Wifi yake alijaribu kumpokea, lakini alisahau maji kwenye trei, kastadi ikatoka na matundu kama sifongo, mzee akageukia ukutani, familia ikakubaliana kwamba mkono haufundishiki, kumbe tatizo lilikuwa maji. Mimi niliipika na maji yake, dada akaibeba kwenye sinia kama ameipika yeye, mzee akala akasema huo ndio mkono, tukaenda kumwambia shemeji kwa shangwe tukidhani tumepata dawa, naye akafikiri kidogo akajibu kwa upole wake, "Basi kumbe mkono ni wa ukoo wenu." Likizo ikaendelea.

Jiko la nyumba ile lilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifungukia chumba alichotandikiwa mzee ili chakula kisimfikie kimepoa, kwa hiyo dada hakuweza kwenda hata uani bila kupita miguuni pake, na kila alipopita aliulizwa, "Unakwenda wapi, mwanangu?" naye akajibu, "Hapa hapa tu, baba." Kuna siku aliniambia kwamba hakuna mchoraji mwenye akili timamu ambaye angechora jiko la namna ile, akacheka, kisha akaacha kucheka akaenda kutazama oveni. Ofisini walipouliza, shemeji aliwajibu kwamba mkewe bado yuko likizo, akawajibu hivyo mwaka 1986, akawajibu hivyo mwaka 1990 walipokwisha kuacha kuuliza kwa dhati, na mzee, tunashukuru, akaishi mpaka Novemba 2004.

Baada ya msiba ule dada alivaa gauni lake la kazini, ambalo alikuwa amelihifadhi, akapanda ile ghorofa ya pili, akakuta meza zimeondolewa, vijana wanachora kwenye kompyuta, na binti wa mapokezi akamuuliza kwa adabu amemletea nani chakula, maana nguo zake zilinuka kitunguu saumu. Akarudi nyumbani. Jioni ile shemeji alisema amezoea kastadi, mtu akizoea kitu hukitamani, dada akawasha oveni. Sikumwona akikasirika, na hilo ndilo lililoniuma na linaniuma mpaka leo.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na uvimbe tumboni, akatibiwa, akapata nafuu, ukarudi. Februari mwaka huu wa 2023 aliruhusiwa kurudi nyumbani, akaomba penseli na karatasi, akachora jiko lake akiwa amekaa kitandani, mstari haukupinda hata mmoja, na kwenye ukuta wa nyuma akaweka mlango wa kutokea barabarani. Alimwita mdogo wetu wa mwisho, mwashi kama baba, aubomoe ukuta. Mwashi akalalamika kwamba mlango ni mpana mno, jiko si gereji, dada akamwambia, "Wewe fuata ramani," naye akaufuata akinung'unika, akidhani ni dawa zinamchanganya. Tangu mwezi wa Aprili dada alikaa mlangoni pale kila asubuhi, kiti ndani, miguu nje, hakupika tena, na shemeji alijifunza kukaanga mayai. Alifariki dunia tarehe 2 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopita pale barabarani na kusimama kumsalimu, wenzake wa ofisini mliokuja, na hasa bosi wake wa zamani aliyeizuia meza ile mwaka mzima bila kuiruhusu ikaliwe na mtu.

Wabebaji mnaombwa msipite mlango wa mbele, kwa sababu ukumbi una kona na jeneza halipiti. Jana mdogo wetu alichukua futi yake akapima jeneza, kisha akapima mlango wa jikoni, akaketi kwenye mchanga akalia kama mtoto, maana upana ule ni wa jeneza, na nafasi ya ngumi moja kila upande, ya mikono ya wanaobeba.

Tunakutoa sasa, dada, kwa njia uliyoichora mwenyewe, na huko uendako upumzike kwa amani.